Kamera haijui inachokiona

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, na ni matumaini yangu kwamba nawe u mzima pamoja na wote nyumbani. Picha zako kumi na nne nimezipata. Nimekaa nazo siku mbili nikizitazama moja moja, kwanza kwenye simu, baadaye kwenye kompyuta, na nimefurahi kuona bidii uliyoitia kamera hii kwa muda mfupi. Jicho unalo. Kinachokusumbua ni mwanga, na mwanga unafundishika.

Umeniuliza swali moja tu: namba sahihi ni ipi? Umeniambia kijitabu cha kamera umekisoma mwanzo hadi mwisho, umejaribu kila alama iliyo kwenye kile kigurudumu cha juu, na bado picha moja inatoka giza, nyingine imeungua, ilhali ulisimama palepale. Ningependa kukujibu kwa namba, ndugu yangu, lakini namba hiyo haipo. Kuna swali la kujiuliza kabla hujabonyeza: katika vyote vilivyo mbele yangu, ni kipi sitaki kabisa kiharibike? Ukishalijibu, namba utazipata bila taabu. Usipolijibu, kamera itakujibia, nayo haimjui mama yako wala haijui dirisha ni nini.

Nikimtaja mama nina maana. Ile picha yake kando ya dirisha ndiyo niliyoitazama kuliko zote. Pazia limetoka vizuri mno, hadi nyuzi za pindo zinahesabika. Majani ya nje yana kijani chake. Mama mwenyewe ni kivuli: naona umbo la kilemba na mstari mwembamba wa mwanga shavuni, basi. Umeandika kwamba kamera ilikosea. Haikukosea hesabu. Ilipima fremu nzima, ikakuta sehemu kubwa ni dirisha linalowaka, ikaamua mwanga ni mwingi na kuupunguza. Mama alikuwa sehemu ndogo ya hesabu hiyo, wakati kwako alikuwa ndiye picha.

Hapa ndipo pa kuelewa kwanza, maana ukipaelewa hapa nusu ya kazi imekwisha. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera kinaamini jambo moja: kwamba chochote ulichokielekezea, ukikichanganya chote pamoja, kitatoa kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mara nyingi imani hiyo inafaa, kwa sababu mandhari ya kawaida ina vyeupe na vyeusi na vya katikati. Lakini kamera inajitahidi kuifikia hata pale isipofaa. Kamera za siku hizi zimeerevuka, nyingi zinatambua uso wa mtu na kuupa uzito, ila zikikwama zinarudi kulekule kwenye kijivu.

Usiniamini kwa maneno. Kesho mchana tandika shuka jeupe, lijaze fremu yote, piga picha kamera ikiwa kwenye P, pale inapojichagulia mwanga yenyewe. Kisha tandika koti jeusi mahali palepale, lijaze fremu, piga. Ziweke picha hizo mbili bega kwa bega. Shuka litakuwa la kijivu na koti nalo litakuwa la kijivu, utadhani ni nguo mbili zilizofuliwa mpaka zikapauka. Mimi nilipofanya jaribio hili kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, kwa sababu niliona miaka yangu miwili ya picha mbovu imefafanuliwa na vitambaa viwili.

Sasa tafuta kwenye kamera yako kitufe chenye alama ya jumlisha na ya kutoa, kwa kawaida kiko karibu na kidole cha kupigia. Rudia shuka ukiwa umejumlisha hatua moja na theluthi mbili (hatua ni kipimo cha mwanga, nitakieleza hapa chini). Rudia koti ukiwa umetoa moja na nusu, au thamani iliyo karibu kama kamera yako inahesabu kwa theluthi. Shuka litarudi kuwa jeupe na koti litarudi kuwa jeusi. Mkono unakataa mwanzoni, kwa sababu akili inasema kitu cheupe tayari kina mwanga mwingi, ya nini kukiongezea? Unaongeza kwa sababu kamera imeshakipunguza bila kukuuliza. Kitufe hicho kidogo nakitumia kuliko kitu kingine chochote kwenye kamera yangu, na ningekuwa na nafasi ya kukufundisha jambo moja pekee ningechagua hilo.

Yule yangeyange wako ni shuka kinyume. Ndege mweupe amesimama kwenye tope jeusi, naye ni kidogo tu katikati ya fremu. Kamera iliona tope, ikasema hapa ni giza, ikaongeza mwanga mpaka tope likawa kijivu kizuri, na ndege akageuka kipande cha karatasi kilichokatwa kwa mkasi. Nimeikuza picha hiyo mpaka mwisho nikitafuta unyoya mmoja mgongoni. Hakuna. Mdomo upo, miguu ipo, jicho lipo, manyoya hayapo. Pale ulitakiwa kutoa hatua moja na nusu, labda mbili, uliache tope liwe jeusi kama lilivyo. Mwezi wako uliotoka kama sahani nyeupe umepatwa na yaleyale: kamera ilipima anga. Mwezi mpevu ni jiwe linalomulikwa na jua lilelile la mchana, kwa hiyo weka kamera kwenye M, pale unapopanga namba mwenyewe, ISO 100, f/11 na 1/125, uanzie hapo. Utaona madoa yake yote.

Kwa kuwa nimeshazitaja namba, nizimalize upesi, kwani hizi kijitabu chako kimezieleza. Tundu la lenzi linaamua mwanga upite kwa upana gani, shata inaamua upite kwa muda gani, na ISO inaamua kamera iukuze kiasi gani ukishaingia. Zote tatu zinahesabiwa kwa hatua, na hatua moja ni kuzidisha mara mbili au kukata nusu. Ukienda kutoka ISO 200 hadi 400, hiyo ni hatua. Kutoka shata ya 1/250 ya sekunde hadi 1/125, hatua. Zinazochanganya watu ni namba za tundu, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16, kwa sababu namba inakua huku mwanga ukikatwa nusu kila mara. Ni kigawanyo: urefu wa fokasi, ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi, umegawanywa kwa kipenyo cha tundu, kwa hiyo tundu likiwa dogo jibu linakuwa kubwa. Basi 1/125 kwa f/8 na 1/500 kwa f/4 zinaingiza mwanga sawasawa. Ya pili inamgandisha mtoto anayekimbia na kufifisha vilivyo nyuma yake, ya kwanza inaonyesha vingi zaidi vya mbele na vya nyuma lakini mtoto anaweza kutoka na mkia wa ukungu. Kiasi cha mwanga na sura ya picha ni maamuzi mawili, usiyachanganye.

Kuna kanuni moja ya tangu enzi za filamu ambayo bado naipenda, kwa sababu haihitaji kipimo chochote. Jua likiwa wazi na limepanda, weka f/16 na shata ilingane na ISO: ISO 100 kwa 1/100 au 1/125. Mwanga utakuwa umefika, au umekosea kidogo tu. Itumie kuipima kamera yako inapokupa majibu ya ajabu.

Turudi kwenye yangeyange, kwani nataka uelewe kwa nini manyoya yale sikuweza kukurudishia hata kwa programu. Kihisi cha kamera ni mamilioni ya vijichombo vinavyokinga mwanga, na kila kimoja kina ujazo wake. Kikijaa kimejaa. Mwanga unaozidi hauandikwi popote, kwa hiyo vijichombo mia vilivyofurika vinatoa nyeupe ileile mia, bila tofauti kati ya unyoya na kivuli cha unyoya. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki, na sijaona mahali msemo huo unapotimia kama kwenye picha iliyoungua. Penye giza ni afadhali, kwa sababu kuna kitu kimeandikwa, japo kidogo, na ukikinyanyua kinatoka na chengachenga zake, vile vidoa vidogo vinavyoichafua picha. Waliozoea filamu ya negativu walikuwa wakijiongezea mwanga kwa usalama, maana filamu ile ilivumilia kuzidishiwa. Ukilileta zoea hilo kwenye dijitali utaumia.

Utajuaje kwamba umefurika? Usitazame picha kwenye skrini ya kamera. Naomba hili ulishike sana. Skrini ina mwanga wake yenyewe. Juani inaonekana giza, nawe utaongeza mwanga bure, gizani inang'aa, nawe utaridhika na picha isiyo na kitu. Mimi lilinigharimu. Nilikwenda kumpiga picha mwalimu wangu wa zamani, aliyenifundisha kusoma. Ilikuwa jioni imeshaingia, taa ya mezani moja, naye ameegemea kiti akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama alivyokuwa akifanya tukipata jibu. Nilipiga picha zaidi ya arobaini, kila mara nikitazama skrini, na kila mara ikinipa uso wa dhahabu uliojaa uhai. Asubuhi nilizifungua kwenye kompyuta nikakuta masizi. Nilivyounyanyua mwanga kwa programu, shavu likajaa vidoa vya kijani na zambarau, na lile kovu dogo lililo juu ya nyusi yake ya kushoto, ambalo darasa zima tulilijua, likapotelea humo. Nilirudi baadaye kumwomba tupige upya. Alikubali kwa moyo mweupe, picha zikatoka safi, lakini tabasamu lile halikuja.

Tangu siku hiyo natazama histogramu. Ifungue: ukiwa unatazama picha uliyopiga, bonyeza kitufe cha maelezo mpaka itokee ile michirizi inayofanana na mlima. Kushoto kabisa ni nyeusi tupu, namba 0; kulia kabisa ni nyeupe tupu, namba 255; kimo cha mlima kinakuonyesha pikseli ngapi ziko kwenye kila ngazi. Wengine watakufundisha kwamba mlima mzuri unakaa katikati. Si kweli. Paka mweusi kwenye rundo la makaa atakupa mlima ulioegemea kushoto wote, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mimi natazama kuta mbili tu, hasa ya kulia. Mlima ukiugonga ukuta wa kulia na kupanda juu kama umebanwa, kuna kitu kimefurika.

Kitu gani? Hapo washa onyo la kupepesa, ambalo kamera nyingi zinalo kwenye menyu ya kutazamia picha: sehemu zilizoungua zinapepesa nyeusi na nyeupe. Kisha rudi kwenye swali letu la mwanzo. Kinachopepesa ni balbu? Iache, balbu haina siri ya kuonyesha. Ni mng'ao wa jua kwenye bomba la chuma? Uache. Ni paji la uso, au gauni la bibi harusi, au mgongo wa yangeyange? Toa theluthi mbili, piga tena. Na kama kamera yako inatoa histogramu tatu, nyekundu, kijani na bluu, zitazame unapopiga ua jekundu au kitambaa chenye rangi kali, maana nyekundu peke yake inaweza kufurika huku histogramu ya jumla ikikuambia mambo shwari. Petali zinatoka kama rangi iliyomwagwa, hazina mishipa.

Umeniuliza pia kama uhamie RAW, yaani faili ghafi la kihisi, badala ya JPEG, ambayo kamera imeshaipika na kuibana. Ndiyo, kwa picha unazozijali. JPEG inahifadhi ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na jambo ambalo watu hawalifikirii ni jinsi ngazi hizo zinavyogawanywa: kihisi kinahesabu mwanga kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hatua ya juu kabisa inachukua nusu nzima, ngazi 8,192, inayofuata 4,096, inayofuata 2,048, hivyo hivyo hadi kwenye vivuli vinavyobaki na makombo. Zaidi ya ngazi, sehemu iliyopata mwanga mwingi ina chengachenga chache. Kwa sababu hiyo, ukipiga RAW na una muda, jaza mwanga mpaka mlima ukaribie ukuta wa kulia bila kuugonga, hata kama picha inaonekana imepauka kidogo, halafu ishushe kwenye kompyuta. Ila jaza kwa tundu au kwa shata. Ukijaza kwa kupandisha ISO hujaingiza mwanga wowote, umepaza sauti tu. Na ukiwa kwenye JPEG usifanye hivyo kabisa. JPEG itoe kamerani ikiwa tayari.

Ujue pia kwamba histogramu unayoiona, hata ukiwa kwenye RAW, kwa kawaida inatokana na JPEG ndogo ambayo kamera imejitengenezea. Kwa hiyo onyo la kupepesa linaanza mapema kidogo kabla RAW yenyewe haijafurika. Huo ni mto wa kuangukia, usiufanye kitanda.

Sasa nyuso. Hili nalijali kuliko mengine yote, kwa hiyo nivumilie. Ngozi nyeusi ikiijaza fremu, kamera inataka kuigeuza kijivu, na kwa kuwa ngozi hiyo iko chini ya kijivu itaing'arisha mpaka ipauke, ipoteze kina chake na ule mng'ao wa juu ya shavu. Toa theluthi mbili au hatua moja, ngozi itarudi ilivyo. Lakini mtu huyohuyo akisimama mbele ya anga au ukuta mweupe, kamera itampunguzia mpaka abaki meno na macho, na hapo unajumlisha moja, pengine moja na nusu. Wako wanaokariri kanuni moja kwa ngozi moja na kuwaharibu watu kwa pande zote mbili. Ngozi ya mtu haitoshi kukuambia ujumlishe au utoe. Tazama pia nyuma yake kuna nini, na yeye ameijaza fremu kiasi gani.

Kuna njia ambayo haiulizi hata rangi ya ngozi: kiganja. Viganja vya watu havitofautiani sana kwa weupe kama nyuso zao zinavyotofautiana, na kwa kawaida kiganja kinang'aa karibu hatua moja juu ya kijivu cha kamera. Weka kamera ipime kwa nukta ya katikati. Nyoosha mkono wako mahali uso utakapokuwa, kiganja kielekee kamera, kiangukiwe na mwanga uleule utakaomwangukia mtu, usikitie kivuli cha mwili wako. Pima, ongeza hatua moja, funga namba hizo kwenye M, kisha mwite akae. Akija aliye mweusi, akija aliye mweupe, namba hazibadiliki, kwa sababu umepima mwanga wenyewe, hukumpima mtu. Kila mmoja atatoka kwa rangi aliyonayo. Wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer, karibu mwaka 1940, walipopanga ngazi za mwanga kutoka 0 hadi 10, kijivu cha wastani walikiweka kwenye ya 5; kiganja chako unakipandisha kwenye ya 6. Hilo ndilo unalofanya unapoongeza hatua ile moja.

Na pale ambapo tofauti ni kubwa mno, dirisha linawaka na mama yuko kivulini, usiilazimishe kamera kubeba vyote. Una njia mbili tatu. Liache dirisha liungue, umpe mama mwanga wake, na kama pazia likipotea lipotee. Au mgeuze: asogee hatua mbili, dirisha liwe ubavuni mwake badala ya kuwa nyuma, mwanga umwangukie upande wa uso. Au mtu ashike shuka jeupe upande wa pili limrudishie mwanga shavuni. Mimi ningemgeuza. Mwanga wa dirisha ukija kwa ubavu unaionyesha mikunjo ya kilemba na ile michirizi ya pembeni mwa jicho, na kamera haitahangaika hata kidogo.

Basi nakuomba unifanyie hivi. Mpige mama upya mahali palepale, saa ileile. Ya kwanza akiwa na dirisha nyuma, umejumlisha moja na theluthi mbili. Ya pili akiwa amegeuka, umepima kwa kiganja. Nitumie mafaili yenyewe ya RAW, si yale yaliyopitia kwenye simu, kwa sababu simu inayabana na sitaona vivuli vyake. Kwenye ile ya kwanza niandikie pia ni sehemu gani zilikuwa zinapepesa. Na ukiweza kumpata tena yule yangeyange, toa mbili.

Msalimie mama sana, umwambie namngojea kwenye bahasha ijayo.

Ni mimi swahiba wako